Stewart, Stuart, Steward: cheo kilichogeuka ukoo

Januari 30, 1649, nje ya jumba la Whitehall jijini London, kichwa cha Mfalme Charles wa Kwanza kilikatwa kwa shoka mbele ya umati. Charles alikuwa wa ukoo wa Stuart. Miongoni mwa waliotia sahihi hati ya kumuua alikuwamo Oliver Cromwell, na mama mzazi wa Cromwell, kabla hajaolewa, aliitwa Elizabeth Steward, binti wa familia yenye ardhi ya Ely, mashariki mwa Uingereza. Stuart na Steward: masikio ya watu hayakuchelewa. Ikavuma kwamba Cromwell amemuua jamaa yake wa damu, na kina Steward wenyewe walikuwa wameshajichorea nasaba inayowapeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya wafalme wa Uskoti. Nasaba hiyo ilikuwa ya kubuni.

Kosa hilo linarudiwa hadi leo. Mtu anayeitwa Stewart, awe Canada, Jamaika au Australia, siku moja atajiuliza kama ana damu ya kifalme, na wauzaji wa nembo za koo na vitambaa vya mirabaraba vya Kiskoti hawana sababu ya kumkatisha tamaa. Huenda anayo. Lakini jina peke yake halithibitishi chochote, na ili kuona kwa nini, lazima tuanze na kazi kabla ya kumfikia mfalme.

Kazi kwanza, jina baadaye

Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani wa Ufaransa hawajavuka bahari na kuiteka Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na mtu aliyeitwa stigweard. Sehemu ya pili ya neno ni mlinzi. Ya kwanza imezua utani wa karne nyingi, kwa kuwa inafanana na neno la zizi la nguruwe, na wasiowapenda wafalme wa Uskoti walifurahia sana kusema kwamba ukoo ule umetokana na mchunga nguruwe. Wataalamu wa lugha hawakubaliani nao: stig hapa ni nyumba, au ukumbi wa bwana. Mlinzi wa nyumba, basi. Kazi yake ilikuwa kusimamia watumishi, ghala, meza ya chakula na hesabu za bwana wake. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anamjua kwa jina la wakili, yule wa Injili ya Luka anayeitwa atoe hesabu ya uwakili wake.

Kila nyumba kubwa ilikuwa na mtu wa namna hii. Askofu alikuwa naye, monasteri ilikuwa naye, kabaila wa wilaya alikuwa naye. Majina ya koo yalipoanza kushika mizizi, kati ya karne ya 12 na ya 14, watoto wa wasimamizi hao sehemu mbalimbali waliitwa kwa kazi ya baba zao, kila familia kivyake. Ndivyo yalivyopatikana pia Butler, kutoka kwa msimamizi wa mvinyo, Chamberlain, kutoka kwa msimamizi wa vyumba vya bwana, na Spencer, jina la ukoo alilozaliwa nalo Princess Diana, kutoka kwa mgawaji wa vyakula ghalani. Kwa hiyo kina Steward wa Ely hawakuhitaji babu wa Uskoti hata kidogo. Walihitaji tu babu aliyeshika funguo za nyumba ya mtu mwingine.

Jina likavuka mpaka kwenda kaskazini, ambako ulimi wa Waskoti ulipenda kuikaza d ya mwisho ikawa t. Steward akawa Stewart. Kwa Kigaeli, lugha ya nyanda za juu, wanaandika Stiùbhart.

Kutoka Dol hadi Renfrew

Kati ya familia zote hizo, moja ilipanda ngazi mpaka juu kabisa, na jambo la kushangaza ni kwamba haikuwa ya Kiskoti wala ya Kiingereza. Ilitoka Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, katika mji wa Dol. Huko wazee wake walikuwa wasimamizi wa kurithiana wa nyumba ya askofu mkuu wa Dol. Walikuwa na kazi ileile kabla hata ya kuijua Uskoti.

Mmoja wao, Alan mwana wa Flaad, aliitwa Uingereza na Mfalme Henry wa Kwanza, mwana wa mwisho wa yule mshindi wa 1066, akapewa ardhi Shropshire, mpakani mwa Wales. Henry aliwaamini Wabretoni kwa kuwa walimsaidia siku alizokuwa hana kitu. Alan akawa na watoto kadhaa wa kiume. Wa kwanza alibaki na mali ya Bretagne. Wa pili, William, alirithi Shropshire, na kizazi chake kikashika jina la FitzAlan, yaani mwana wa Alan, kikaja kuwa na cheo cha Earl wa Arundel. Jina hilo bado liko hai ndani ya Fitzalan-Howard, ukoo wa Duke wa Norfolk. Wa tatu, Walter, hakuachiwa mengi, akaenda kujitafutia kaskazini.

Mfalme David wa Kwanza wa Uskoti alikuwa amekulia kwenye baraza la Henry, akarudi kwao akiwa na mpango wa kuupanga ufalme wake upya kwa kutumia makabaila wa Kinormani na Kibretoni. Mnamo 1136 alimfanya Walter msimamizi mkuu wa nyumba ya kifalme, akampa na ardhi ya Renfrew, kando ya mto Clyde. Mwaka 1163 Walter alianzisha nyumba ya watawa ya Paisley kwa kuleta watawa kutoka Wenlock, kulekule Shropshire alikozaliwa. Mwaka uliofuata, vita vikapiganwa Renfrew na Somerled, mtawala wa visiwa vya magharibi, akauawa. Kufikia hapo cheo kilikuwa kimeshatangazwa rasmi kuwa cha kurithiwa, kwa hati ya Mfalme Malcolm wa Nne.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Walter hakuitwa Stewart kama jina la ukoo. Aliitwa Walter mwana wa Alan, na mwanawe akaitwa Alan mwana wa Walter, na wote wawili walikuwa wasimamizi kwa cheo. Ni mjukuu, Walter mwingine, aliyefariki 1246, anayetajwa kuwa wa kwanza kukitumia cheo kama jina. Ndugu na watoto wasioshika cheo nao wakalichukua, na kuanzia hapo Stewart hakuwa tena lazima awe msimamizi wa chochote.

Baadaye, walipokuwa wafalme, asili ya Bretagne haikuonekana tamu vya kutosha. Mwandishi wa historia Hector Boece, mwaka 1527, aliwatungia babu wa Kiskoti halisi anayeitwa Banquo, kabaila wa zama za Macbeth. Shakespeare akamchukua Banquo akampandisha jukwaani wakati ambapo mfalme aliyeketi London alikuwa Stuart, na mpaka leo wapo wanaomtaja kana kwamba aliwahi kuishi. Hakuwahi.

Bibi harusi aliyeleta taji

Ufalme uliwajia kwa ndoa. Mwaka 1315 msimamizi wa sita, Walter tena, alimwoa Marjorie, binti wa Mfalme Robert Bruce. Marjorie hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kwa mapokeo, alianguka kutoka juu ya farasi akiwa mjamzito, karibu na Paisley, na huko ndiko alikozikwa. Lakini mtoto alipona, akaitwa Robert kama babu yake. Alingoja nusu karne na zaidi. Mjomba wake David wa Pili, ambaye kwa umri alikuwa mdogo kuliko yeye, alifariki bila mtoto mwaka 1371, na Robert Stewart akawa mfalme akiwa anakaribia miaka 55.

Tangu hapo cheo cha usimamizi na taji vikawa mikononi mwa watu walewale. Cheo hakikufutwa. Kimo kwenye orodha ya vyeo vya mrithi wa kiti cha enzi, na Mwanamfalme William anacho tangu 2022, pamoja na ubaroni wa Renfrew, ingawa jina lake la ukoo halihusiani kabisa na Stewart.

Kuwa mfalme wa Kistewart haikuwa ajira salama. James wa Kwanza aliuawa kwa visu Perth mwaka 1437. James wa Pili, aliyependa sana mizinga, alilipukiwa na mmoja wa mizinga yake alipoizingira ngome ya Roxburgh mwaka 1460. James wa Tatu alikufa 1488 akipigana na waasi waliokuwa na mwanawe mwenyewe. Mwanawe huyo, James wa Nne, alianguka vitani Flodden mwaka 1513 pamoja na sehemu kubwa ya makabaila wa nchi. James wa Tano alikufa kwa ugonjwa mwaka 1542, akiwa na miaka 30, akamwachia taji mtoto wa kike wa siku sita. Mtoto huyo ni Mary.

W iliyopotea Ufaransa

Kila anayeandika kuhusu jina hili hueleza kwamba Mary, Malkia wa Waskoti, ndiye aliyeibadili Stewart kuwa Stuart. Alipelekwa Ufaransa mwaka 1548 akiwa na miaka mitano, akalelewa huko, akaolewa na mrithi wa taji la Ufaransa, na kwa kuwa Wafaransa hawakuwa na matumizi ya herufi w, jina likaandikwa kwa u. Maelezo haya ni ya kweli, ila yanampa Mary sifa yote peke yake.

Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, tawi jingine la ukoo lilikuwa limeshaweka makao Ufaransa. John Stewart wa Darnley aliongoza askari wa Kiskoti waliomsaidia mfalme wa Ufaransa dhidi ya Waingereza, akazawadiwa mji wa Aubigny mwaka 1423, akauawa vitani karibu na Orléans mwaka 1429. Kizazi chake kikawa cha Kifaransa nusu, na tahajia ya Stuart ilikuwa kitu cha kawaida kwao. Mary alipokuwa mjane na kurudi nyumbani, mume aliyemchagua mwaka 1565 alikuwa Henry Stuart, Lord Darnley, wa tawi hilohilo.

Ndoa ile iliisha vibaya. Darnley aliuawa Edinburgh mwaka 1567, Mary akalazimishwa kuachia taji, na mwisho akakatwa kichwa Uingereza mwaka 1587. Hata hivyo iliacha jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: mtoto wao, James, alikuwa Stewart kwa mama na kwa baba. Kama Mary angeolewa na mtu wa ukoo mwingine, jina lingekoma kwake. Kwa hiyo James alipokabidhiwa na taji la Uingereza mwaka 1603, nasaba yake ya kiume haikupita kwa Robert wa Pili wala kwa akina James watano waliomtangulia. Ilipita kwa kina Darnley hadi kwa Sir John Stewart wa Bonkyll, mdogo wa msimamizi wa tano, aliyeuawa vitani Falkirk mwaka 1298. Wafalme wa Kistuart wa London walitoka kwenye tawi la mtoto wa pili.

Na je, Stuart ni ya wakubwa na Stewart ya wadogo? Hapana. Makarani waliandika walivyosikia. John McDouall Stuart, aliyevuka bara la Australia kutoka kusini hadi kaskazini mwaka 1862, alizaliwa Dysart, mji wa bandari wa Fife, na hakuwa mwanamfalme. Barabara kuu ya katikati ya bara lile inaitwa kwa jina lake. Mfano unaonivutia zaidi ni wa mahakamani. Ofisa wa forodha aliyezaliwa visiwa vya Orkney alijiandika Charles Steuart. Alikuwa amemnunua Virginia Mwafrika aitwaye James Somerset, akaja naye London mwaka 1769. Somerset akatoroka, akakamatwa, akafungiwa ndani ya meli akauzwe Jamaika. Kesi ilipokwisha Juni 22, 1772, Jaji Mansfield, Mskoti naye, aliamua kwamba hakuna sheria ya Uingereza inayomruhusu bwana kumtoa mtu nchini kwa nguvu akamuuze, na Somerset akaachiwa. Kumbukumbu za sheria zinaiita Somerset dhidi ya Stewart. Yule mtu mwenyewe aliandika jina lake hivi, mahakama ikaandika vile, na hakuna aliyejali.

Walioingia kwa milango mingine

Ukiacha wasimamizi wa kweli na watoto wa kifalme, wamo wengi walioipata Stewart kwa njia nyingine. Robert wa Pili na warithi wake walikuwa na watoto wengi, wa ndoa na wa nje ya ndoa, na hawa wa nje walipewa ardhi na jina. Kina Stuart wa kisiwa cha Bute, ambao walimtoa John Stuart, waziri mkuu wa kwanza mzaliwa wa Uskoti, mwaka 1762, wanatokana na mmoja wa watoto hao. Wapangaji na wafuasi nao walichukua jina la bwana wa ardhi kwa ajili ya ulinzi. Kisha kuna habari ya kina MacGregor: mwaka 1603 sheria iliwakataza kutumia jina lao, wakajificha ndani ya majina ya majirani, Drummond, Campbell, Murray na Stewart yakiwamo, na marufuku haikuondolewa moja kwa moja mpaka 1774. Baadhi hawakurudi. Wapo pia Wasafiri wa Uskoti, jamii ya kuhamahama iliyotunza hadithi na nyimbo za kale. Belle Stewart wa Blairgowrie alikuwa mmoja wa waimbaji wao mashuhuri.

Ng'ambo ya bahari, jina lilifuata meli. Wenye mashamba wa Kiskoti walikuwa wengi Jamaika, na majina yao yalibaki kwa watu waliowafanya watumwa na kwa vizazi vyao. Stewart ni mojawapo ya majina ya Kiskoti yaliyozoeleka Jamaika hadi sasa. Mwanariadha Kerron Stewart alilibeba hadi Beijing mwaka 2008 akarudi na medali ya fedha ya mita 100. Boston, mwaka 1826, binti mweusi aitwaye Maria Miller aliolewa na James W. Stewart, aliyekuwa akihudumia meli bandarini. Mume aliomba achukue hata ile herufi ya katikati, naye akawa Maria W. Stewart. Alipofiwa na mumewe, alisimama mbele ya hadhara ya wanaume na wanawake kati ya 1832 na 1833 kudai haki za watu weusi, wakati ambapo mwanamke wa Marekani, wa rangi yoyote, hakutarajiwa kufungua mdomo hadharani.

Wengine wamelichagua. Mchekeshaji Jon Stewart alizaliwa Jonathan Stuart Leibowitz. Alichukua jina lake la katikati, akalibadili herufi. Martha Stewart, wa mapishi na mapambo ya nyumba, ni wa asili ya Kipolandi, jina ni la mume. Na mwigizaji James Stewart aliyezaliwa London mwaka 1913 alilazimika kuliacha, kwa sababu Hollywood ilikuwa tayari na James Stewart wake. Akajiita Stewart Granger.

Damu iliyobaki bila jina

Upande wa pili wa mkanganyiko ni kwamba nasaba ya kifalme yenyewe imeendelea chini ya majina mengine. Malkia Anne alifariki 1714 bila mtoto aliye hai, baada ya mimba 17, na taji likaenda kwa George wa Hannover, kitukuu wa yule James wa 1603. Waliobaki wa upande wa kiume walijaribu kurudi kwa silaha mara kadhaa, wakashindwa kabisa Culloden Aprili 16, 1746. Wa mwisho wao, Henry Benedict, alifariki Italia mwaka 1807 akiwa kadinali, kwa hiyo hakuacha mtoto.

Charles wa Pili, mwana wa yule aliyekatwa kichwa Whitehall, aliacha, ingawa si wa ndoa. Mwanawe, Duke wa Monmouth, alimwoa Anne Scott mwaka 1663 akachukua jina la mke. Kizazi chao ni cha Duke wa Buccleuch, na kipimo cha DNA alichofanyiwa Duke wa sasa kilionyesha kwamba anabeba alama ya kiume ya Stewart wa kifalme. Jina lake ni Scott. James wa Pili wa Uingereza, mdogo wa Charles na si yule wa mizinga, naye alipata mtoto na Arabella Churchill, Duke wa Berwick, ambaye kizazi chake kilihamia Hispania na kurithi udukwe wa Alba. Ndiyo maana Cayetana, Duchess wa Alba aliyefariki 2014, Mhispania kwa kila hali, aliitwa Fitz-James Stuart.

Na Afrika Mashariki? Yupo Stewart mmoja aliyeacha alama. James Stewart, daktari na mmisionari wa Lovedale, Afrika Kusini, aliyewahi kuwa na Livingstone huko Zambezi, aliongoza msafara ulioanzisha misheni ya Waskoti Kibwezi mwaka 1891. Malaria iliisumbua, na mwaka 1898 misheni ikahamishiwa Kikuyu, mahali ambapo wenyeji walipaita Thogoto, kwa matamshi yao ya neno Scot.

Wakenya wenye umri watamkumbuka mwingine. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, 1970, Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 1,500, lakini kwenye mita 5,000 alimaliza wa tatu. Aliyemshinda ni Ian Stewart, akifuatwa na Mskoti mwenzake, Ian McCafferty. Mita 10,000 zilikwenda kwa Lachie Stewart, asiye ndugu yake. Ian mwenyewe alizaliwa Birmingham, Uingereza, kwa baba Mskoti, akachagua kuikimbilia Uskoti. Miaka minane baadaye, Edmonton, dada yake Mary Stewart alishinda dhahabu ya mita 1,500 ya wanawake, akiwa amevaa jezi ya Uingereza.